Kijerumani cha Paskalia

Paskalia alikuwa mtu wa kutazama. Kabla hajaketi mahali alitazama nani yuko nyuma yake, na kabla hajacheka alihakikisha wengine wameshacheka. Alianza tabia hiyo tangu alipotolewa shule darasa la nne ili akalee wadogo zake. Hata sasa, mama mzima mwenye binti aliyemaliza kidato cha nne, alikuwa bado anaogopa kwamba ipo siku atasimamishwa mbele za watu aulizwe jambo asilolijua. Kwa hiyo Jumapili ile padri alipotangaza kanisani Matombo kwamba wageni wa parokia rafiki ya Ujerumani wangekuja mwezi wa saba, na kwamba safari hii hawangelala misheni bali majumbani mwa waumini, Paskalia aliinamisha kichwa kama mwanafunzi anayemkwepa mwalimu.

Haikusaidia. Nyumba yake ilikuwa moja ya nyumba chache za mteremko ule zilizoezekwa bati na kusakafiwa, na jina lake likasomwa. Kila nyumba itakayopokea mgeni, padri alisema, itoe mtu mmoja wa kujifunza Kijerumani kidogo. Sista Angelina, aliyesomea uuguzi hukohuko Ujerumani, angefundisha ukumbini kila Alhamisi jioni.

"Aende Yuliana," Paskalia alimwambia mumewe wakipanda njia ya kurudi nyumbani. "Yeye ndiye mwenye shule."

"Yuliana anashinda zahanati mpaka jua linazama," Lukasi alijibu.

"Basi nenda wewe, Baba Yuliana."

"Mimi?" Lukasi alicheka, lakini kicheko kilikuwa cha mdomoni tu. "Nikienda mimi, Mjomba Mikaeli atauliza tangu lini mkwe akapokea wageni wa ukoo."

Paskalia akatazama nyuma kama kuna aliyesikia.

Kwa Waluguru ardhi hufuata mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, shamba ni la ukoo, na mshika shamba ni mjomba. Mwanamume akioa huja kulima kwa mkewe, hula anachovuna na kuheshimiwa, ila hakuna anayesahau kwamba amekuja. Lukasi hakuwa hata Mluguru. Alikuwa Mkaguru wa Gairo, aliyekutana na Paskalia mjini Morogoro alipokuwa fundi mitambo katika kiwanda cha nguo. Walikaa mjini miaka mingi wala jambo la ardhi halikuwagusa. Zikaja siku za ruksa. Maduka yakajaa vitu, mitumba ikafika mpaka kwenye minada ya vijijini, na khanga za kiwanda zikakosa wa kuzinunua. Wafanyakazi wakapunguzwa kundi kwa kundi, na Lukasi akawa katika kundi la pili. Kiinua mgongo chake alikigeuza kuwa bati na saruji, wakapakia lori, wakapanda milimani kwa kina Paskalia.

Paskalia aliona aibu siku ile lori liliposhusha kitanda chao mbele za watu. Mtu huondoka mjini na zawadi za mjini, wao walirudi na kitanda. Lukasi alishika kazi. Alijenga nyumba kwa mikono yake. Akapewa mteremko wa mawe ambao hapakuwa na mtu aliyeutaka, akaukata matuta ya ngazi, akapanda pilipili manga na kuipandisha kwenye miti. Wakati huo waliona anajisumbua, kwa kuwa pilipili iliuzwa kwa ushirika na malipo yalikuja yakichechemea. Lakini wafanyabiashara wa Morogoro na Dar nao wakapata ruksa yao, wakaanza kupandisha pikapu zao barabara ile mbovu na kununua mlangoni kwa mtu. Mteremko wa mawe ukapata macho. Mjomba Mikaeli, mzee mwembamba mwenye fimbo, akaanza kupita pale karibu kila asubuhi.

"Shamba linapendeza," alikuwa akisema. "Ukoo umepata shamba."

"Ndiyo, Mjomba," Lukasi alijibu kila mara, akiwa ameinama.

Na kilabuni walikuwa na lao. "Jogoo wa kuazima hawiki," walisema Lukasi akipita, wakacheka, naye akacheka nao. Paskalia alipoyasikia hayo aliona aibu mara mbili. Mara ya kwanza kwa ajili ya mumewe, na ya pili kwa sababu hakuwahi kuwajibu.

*

Jioni ya kwanza ukumbini Paskalia aliketi karibu na mlango. Walikuwemo Raphael katekista, mtu wa mzaha mwingi, na jirani yake Pili, ambaye mumewe ndiye aliyekuwa Mkristo lakini yeye, Mwislamu, alikuwa amekuja kwa sababu, alisema, mgeni hana dini anapolala. Walijifunza salamu, maji, chai, choo. Hayo yalipita. Kisha, wiki zilizofuata, wakafika kwenye maneno ya mwenye mali, na hapo darasa zima likapata homa.

"Kiswahili chetu," Sista Angelina alieleza, "kinatazama kitu. Kitabu chake, jembe lake, nyumba yake. Mwenyewe ni baba au ni mama, Kiswahili hakiulizi. Mjerumani haanzi hapo. Anaanza na mwenyewe. Akiwa mwanamume, sein. Akiwa mwanamke, ihr. Akishamjua mwenyewe ndipo anageuka kukitazama kitu, kama ni cha kiume, ni cha kike, au hakina upande, ili ajue lile neno litaota mkia au halitaota. Sein Haus, nyumba yake huyu bwana. Ihr Haus, nyumba yake huyu mama. Lakini mama mzazi ni wa kike, kwa hiyo seine Mutter, ihre Mutter. Mmeuona mkia?"

"Kumbe wanataka kumjua mwenye mali kabla ya mali," Raphael alisema. "Kama polisi wa barabarani."

"Na meza, Sista?" Pili aliuliza. "Meza nayo ina upande?"

"Meza ni mwanamume."

"Na taa?"

"Mwanamke."

"Na msichana?"

Sista alisita. "Msichana hana upande."

"Msichana hana upande, na meza ni mwanamume," Pili alisema. "Ndiyo maana vita viliwashinda."

Ukumbi ukacheka. Paskalia alicheka baada ya wote, na hapohapo Sista akamgeukia. "Mama Yuliana. Mama yake Raphael, utasemaje?"

Alisimama. Alihisi masikio yakipata moto. "Ihr Mutter," akasema, na kwa jinsi watu walivyonyamaza akajua ameanguka pande zote mbili, kwa mwenyewe na kwa mkia. Raphael akasema kwa upole wa utani, "Sista, nimefanywa mwanamke." Paskalia aliketi, na njia nzima ya kurudi nyumbani alitembea nyuma ya wenzake ili mtu asimsemeshe.

Lakini jambo likishamtia aibu halikumtoka, na kwa kutomtoka akalielewa. Akiwa anamenya ndizi jikoni aliona kwamba ule mkia haukuwa mgeni kwake. Maisha yake yote alikuwa akisema chungu chake, jembe lake, nyungu zake, na neno likigeuka kufuata kitu bila yeye kujua kwamba ana elimu hiyo. Kipya kilikuwa kimoja tu, kumtazama mtu kwanza. Hilo halikumshinda, maana siku zote ndilo alilolifanya. Wiki iliyofuata alijibu sawasawa, na iliyofuata tena. Sista akamsifu mbele ya wote, naye akaona aibu ya kusifiwa, ambayo kwake ilikuwa haitofautiani sana na ile ya kukosea.

Lukasi ndiye aliyemsomesha nyumbani. Hakujua Kijerumani, lakini alikuwa na kichwa cha fundi, akiona kitu kinavyozunguka anakishika. Wakipalilia ngazi za juu, yeye alitaja na Paskalia akajibu.

"Kofia ya Raphael."

"Sein Hut."

"Mbuzi wa Pili."

"Ihre Ziege."

"Mkia umeuweka. Jembe la Yuliana."

"Ihre Hacke."

"Fimbo ya Mjomba Mikaeli."

Paskalia akatazama chini njiani kwanza. "Sein Stock," akanong'ona, na wakacheka wote wawili kama watoto walioiba muwa. Hakuwa amemsikia mumewe akicheka hivyo tangu watoke mjini.

Kisha siku moja Lukasi akauliza, bila kuinua uso, "Na shamba hili?"

"Unser Feld," alijibu haraka. "Letu."

Lukasi alipalilia mpaka mwisho wa ngazi, akarudi. "Mgeni akikuuliza, nami nimesimama pale, utamwambia letu. La wewe na nani?"

"Baba Yuliana, hayo yaache."

"Nimeyaacha mwaka wa nne sasa." Aliliegemea jembe. Sauti yake haikuwa ya hasira, na hilo ndilo lililomtisha. "Dada yangu Joyce ameniita tena Gairo. Kwenye ardhi ya mama yangu hakuna anayekuja asubuhi kunitazama. Siitaki ardhi yenu, Mama Yuliana. Najua ilivyo, hata kwetu ni hivyohivyo. Nataka siku moja usimame mbele ya watu useme kwamba kazi hii ni ya Lukasi. Mara moja inatosha. Kama haiwezekani, niambie, nikalime mahali ninapojulikana."

Paskalia aliinama akaendelea kupalilia. Kusema hivyo mbele ya mjomba, kwa Kiswahili, alikuwa haoni mdomo wa kusemea. Kwa Kiluguru ndiyo kabisa, maana kila neno la Kiluguru lilikuwa na bibi zake wote ndani yake. Ni siku chache baadaye, akiwa kisimani, wazo lilipomjia. Angesema kwa Kijerumani. Mgeni angeelewa, Lukasi angeelewa, maana ndiye aliyemfundisha, na Mjomba Mikaeli angekaa palepale asisikie kitu zaidi ya kelele za kizungu. Angekuwa amesema mbele ya watu, na watu wasiwe wamesikia. Lugha ile ilimkalia kama kichaka cha kujifichia. Alibeba ndoo yake akipanda kwa furaha, na ile furaha nayo ilikuwa na kitu ndani yake ambacho hakupenda kukitazama.

*

Mgeni wake aliitwa Mama Hedwig, mjane mnene mwenye ng'ombe na mashamba kwao, mwenye mikono mipana kuliko ya Lukasi. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini Paskalia hakupona. Aliona aibu ya choo, aliona aibu ya wali uliokuwa na chembe ya mchanga, na asubuhi moja alipomkuta mgeni akijioshea kikombe mwenyewe alikaribia kulia. Mama Hedwig hakuona lolote kati ya hayo. Alipanda ngazi za pilipili na Lukasi, akigusa majani na kuuliza kwa vidole, na Lukasi akijibu kwa vidole, na walielewana vizuri.

Siku ya kuagana wazee wa ukoo walikuja kumsalimu. Walikaa barazani: Mjomba Mikaeli kwenye kiti cha kuegemea, mama mdogo Filomena, mwanamke mwenye ulimi ambao hata padri aliuogopa, Raphael katekista, na Sista Angelina wa kutafsiri. Lukasi alikaa kwenye gogo pembeni. Yuliana alikuwa akipita na sinia la vikombe.

Mama Hedwig alishukuru kwa maneno mengi, Sista akayageuza. Kisha akaelekeza mkono kwenye mteremko, ambako pilipili ilikuwa imening'inia vishada kwa vishada, akauliza. Paskalia alilielewa swali kabla Sista hajafumbua mdomo. Shamba lile zuri ni la nani?

Akasimama. Alimwendea Lukasi, akaweka kiganja begani mwake, jambo ambalo mwanamke wa kule halifanyi mbele ya wajomba, akasema, kila neno likiwa mahali pake:

"Das ist sein Feld. Das ist sein Haus."

Lukasi aliinua uso akamtazama. Paskalia hakuwahi kutazamwa hivyo, hata siku ya ndoa yao.

Lakini katika hesabu zake zote alikuwa amemsahau mtafsiri. Sista Angelina alikuwa amekaa pale kwa kazi hiyo hasa, kugeuza kila neno ili mtu asiachwe nje, na alikuwa amejaa fahari ya mwalimu. Akawageukia wazee akatafsiri kwa sauti ya kanisani:

"Mama Yuliana anasema, shamba lile ni la mume wake. Na nyumba hii ni ya mume wake."

Vikombe vikaacha kugongana.

"Sista," Mjomba Mikaeli alisema, "hebu rudia."

Sista alirudia, safari hii polepole, maana alikuwa ameanza kuona alichokishika.

"Haya," alisema mama mdogo Filomena. "Ardhi ya mama zetu inagawiwa kwa lugha ya kigeni. Tumekuja kunywa chai, kumbe tumeitwa kwenye mirathi."

"Mama mdogo, taratibu," Raphael aliingilia, akicheka ili wengine wacheke. "Hicho Kijerumani ni kigumu, nyie hamkijui. Mume na mke wanachanganyikana humo ndani. Mimi mwenyewe wiki iliyopita nilisema padri ni mke wangu. Mama Yuliana kateleza tu."

Watu wakacheka, na katika kicheko kile kulikuwa na kupumua. Mjomba Mikaeli hakucheka. Alimtazama Paskalia, na alipouliza aliuliza kwa upole.

"Ulikosea, mwipwa wangu?"

Paskalia akatazama. Alimtazama mjomba, alimtazama mama mdogo Filomena na midomo yake iliyobanwa, alimtazama Yuliana mlangoni na sinia lake. Aliwatazama wote isipokuwa yule ambaye bega lake lilikuwa bado chini ya kiganja chake.

"Nilikosea, Mjomba," akasema. "Nilichanganya."

Sista Angelina aliinamia kikombe chake. Yeye alijua. Lukasi akasema, kwa sauti nyepesi:

"Kosa ni langu, Mjomba. Mimi ndiye niliyekuwa namsomesha. Fundi mitambo anajua nini cha Wajerumani."

Hapo baraza lote lilicheka kweli, hata mama mdogo. Lukasi akainuka, na mkono wa mkewe ukaanguka wenyewe. Alichukua sinia kwa Yuliana akagawa chai, akianzia kwa mjomba, akiinama kwa kila mmoja kama inavyotakiwa. Mjomba Mikaeli akamwomba Sista amweleze mgeni kwamba shamba ni la ukoo wa mama yake Paskalia. Sista akaeleza. Mama Hedwig akatikisa kichwa kwamba ameelewa, akasifu chai.

*

Lukasi hakugomba. Angegomba, Paskalia angejua aanzie wapi. Wageni walipoondoka alitengeneza bawaba ya mlango iliyokuwa ikilia, akakata kuni za kutosha, akafunga nguo zake.

"Nakwenda kumsaidia Joyce karanga," alisema.

"Utarudi lini?"

"Karanga za Gairo ni nyingi mwaka huu."

Kijijini neno lilikuwa limeshapata miguu. Mtu akikana alichokisema jana, sokoni wakaanza kusema, "Hicho ni Kijerumani cha Paskalia," na Raphael, ambaye ndiye aliyelianzisha bila ubaya wowote, alimsimulia Paskalia mwenyewe ili acheke naye. Paskalia alicheka. Nyumbani Yuliana hakucheka.

"Mama, ulikuwa unajua," alisema. "Kila siku nilikusikia jikoni."

"Nilichanganyikiwa, mwanangu."

"Hukuchanganyikiwa." Yuliana alikuwa akikunja sare yake ya zahanati, na aliendelea kuikunja. "Baba mwenyewe alikusaidia kumkana. Hilo ndilo siwezi kulisahau."

Pilipili za chini zikaanza kuwa nyekundu. Mjomba Mikaeli akapita asubuhi kama kawaida yake, akasimama kwa muda akiegemea fimbo.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Mume wako yuko wapi, na pilipili inaiva?"

Paskalia alikuwa amelala na maneno hayo siku nyingi, lakini yalitoka kama yamesukumwa. "Mjomba, siku ile sikukosea."

"Najua."

"Ulijua?"

"Mtu aliyechanganya maneno haweki mkono begani mwa mtu." Mzee alikaa juu ya jiwe taratibu. "Nilikuuliza ili nione. Nilikufungulia mlango wa kukimbilia, wewe ukapita."

"Nilikuogopa."

"Ungesimama ningekasirika. Ningekasirika mpaka mavuno, halafu ningechoka, maana mimi ni mzee na hasira ni kazi. Ardhi haitoki, Paskalia. Hilo usilitafute, hata nikifa hutalipata. Lakini katika ukoo huu aliyepanda hajawahi kunyimwa alichokipanda, mradi yupo wa kumsemea. Nilingoja miaka yote hii nimsikie huyo wa kumsemea. Nikamsikia kwa Kijerumani, na chai haijapoa akaniambia kwamba amekosea."

Paskalia alitazama miguu yake. "Basi niambie nifanye nini."

"Kwangu umeshasema. Lakini siye mimi niliyekanwa."

*

Paskalia alifika Gairo na vumbi hadi kwenye nyusi. Uani kwa Joyce walikuwa wamezunguka rundo la karanga, Joyce mwenyewe, majirani wawili watatu wa kike, na Lukasi, aliyekaa amewapa mgongo wanaoingia, akimenya.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Karibu, Mjerumani," Joyce alisema, na majirani wakatazamana. Kumbe habari ilikuwa imeshatangulia, na aliyeileta hakuwa mwingine ila mumewe. Kwa hiyo alikuwa amemweleza mtu, alikuwa ameumia kiasi hicho. Joyce alisukuma kigoda. Paskalia hakukikalia, alikaa chini penye maganda.

Alitaka kungoja majirani waondoke. Alijijua kwamba anataka hivyo, na kwa sababu hiyo akaanza kusema.

"Nyumba ya kule ameijenga Lukasi. Ngazi za shamba amezikata Lukasi, na pilipili ni zake, amezipanda yeye. Neno nililijua, sikulikosea. Nilimkana kwa kuwaogopa watu wa kwetu, na nililisema kwa kizungu tangu mwanzo ili wasilisikie. Nimekuja kulisema kwa lugha inayosikika."

Mmoja wa majirani aliacha kumenya. Lukasi hakugeuka.

"Umesema vizuri," alisema Joyce. "Na hapa ni rahisi. Hapa hakuna mjomba wako."

"Ni kweli, wifi. Hapa ni rahisi."

Karanga zikaendelea kupasuka vidoleni mwa watu. Uso wa Paskalia ulikuwa ukiwaka, na hakuwa na mahali pa kuuficha, maana pale hakuwa na jikoni wala ndugu, alikuwa mtu aliyekuja.

"Mjomba je?" Lukasi aliuliza, akiwa bado amewapa mgongo.

"Yeye nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Kwamba aliyepanda hanyimwi, akiwa na wa kumsemea."

Lukasi alimenya karanga moja, akaitazama, akaitupa kikapuni. "Na mama mdogo Filomena?"

"Bado."

"Kwa nini?"

"Namwogopa."

Joyce alicheka kwa puani. Lukasi ndipo akageuka. Alikuwa amekonda, na hakuwa na uso wa mtu aliyesamehe. Alikuwa na uso wa mtu anayepima chuma kama kitabeba.

"Siku utakayomwambia," alisema, "nitataka niwepo. Barazani palepale. Niwe nimesimama, si kwenye gogo."

Paskalia alimwona mama mdogo Filomena kana kwamba yuko pale uani, na midomo yake iliyobanwa.

"Utakuwepo," alijibu.

Lukasi akasogeza kikapu kikae katikati yao, ili Paskalia naye aone pa kutupia karanga.